Salama, Kanuni Zote Zipo

Kwa Wabena, mtu akikuuliza habari unajibu nzuri. Hata kama ndani kuna maiti imelazwa na wanawake wamekaa chini, mgeni akibisha hodi na kuuliza habari za hapa, ataambiwa nzuri. Atapewa kigoda akae, atapewa maji anywe, ndipo aambiwe: nzuri, ila mwenzenu ametutoka. Ndiyo adabu. Kumrushia mtu habari mbaya angali mlangoni ni kukosa malezi. Tabea Mgaya alilelewa hivyo, na siku alipokaa kuandika programu ya kompyuta aliipa adabu ile ile aliyopewa na wazazi wake. Balaa lote lilianzia hapo. Nalisema mapema kwa sababu mimi adabu ya namna hiyo imenishinda.

Tabea alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa na chumba kimoja cha ofisi Njombe mjini, juu ya duka la pembejeo, na koti zito ambalo hakulivua kuanzia Mei mpaka Septemba. Wenzake aliosoma nao chuo walibaki Dar es Salaam. Yeye alirudi kwa ajili ya viazi, na msimcheke. Kijijini kwao Lyamhanga watu hulima viazi vya mbegu kwenye vinyungu, vile vishamba vya bondeni vinavyolimwa kiangazi kwa sababu ardhi yake haikauki. Na bondeni ndiko baridi inakojikusanya. Usiku mmoja tu wa Julai, anga halina wingu na upepo umekufa, sakitu inaanguka. Umande unaganda juu ya majani, na jua likichomoza majani yote yamekuwa meusi na kulegea kama mboga iliyochemshwa. Anayejua mapema jioni anafunika matuta yake kwa nyasi kavu na kuyaokoa. Asiyejua anaamkia kilio.

Baba yake, Efraimu, mzee wa kanisa la Kilutheri pale kijijini, alikuwa na masikio. Sakitu ikiwa njiani, ncha za masikio zilianza kumwuma tangu saa kumi jioni. Alitoka nje, akatazama anga, akalowesha kidole kuupima upepo, kisha akawaambia majirani wafunike. Mara nyingi alipatia. Mwaka mmoja alikosea, na Tabea akamkuta asubuhi amekaa juu ya tuta la kinyungu chake, kofia mkononi. Siku hiyo ndiyo aliyoapa kwamba baba yake hatakaa vile tena.

Alifunga vipimajoto juu ya nguzo katika mabonde ya vijiji thelathini na kimoja, vikawa vinatuma vipimo kwa mtandao wa simu. Kila saa kumi jioni programu ilivipokea, ikavilinganisha na kanuni, na kama kuna hatari ilituma ujumbe kwenye simu za kijiji hicho: Sakitu usiku huu, funikeni viazi. Kila kijiji kilikuwa na kanuni yake, kwa kuwa baridi ya Iwawa kule Makete si baridi ya Wanging'ombe, na bonde la Lyamhanga lina ukorofi wake. Kanuni hizo aliziandika katika faili ndogondogo za maelekezo, skripti thelathini na moja, akaziweka katika folda moja aliyoiita Kanuni. Ile ya Lyamhanga aliiandika amekaa jikoni na baba yake, anamwuliza masikio yanaanza kuuma lini, upepo ukiwaje, moshi wa jirani ukienda upande gani, naye anaandika tarakimu.

"Kwa hiyo masikio yangu umeyatia humo ndani?" Efraimu aliuliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Yote mawili, baba."

Msimu wa kwanza programu ilikaa kwenye laptopu ya Tabea pale Njombe. Ilionya mara tisa, na mara zote tisa sakitu ilianguka kweli, na Lyamhanga hawakupoteza hata tuta moja. Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa wamekusanyika nje kwenye mnada wa sadaka za kuku na mazao, Efraimu alipanda juu ya jiwe. "Ndugu zangu, masikio yangu yamestaafu," alisema. "Mwanangu anajua kuliko mimi. Simu ikilia, funikeni. Simu ikinyamaza, laleni." Watu walipiga makofi, na neno lile likashika kijiji kizima. Hata watoto waliambiana simu ikinyamaza, laleni, pale walipotumwa kuteka maji nao hawataki.

Basi mambo yangeishia hapo tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini Makambako kuna kampuni iliyokuwa ikichukua mbegu za vijiji vile, na meneja wake aliitwa Dionis, mtu wa suti na maneno laini. Dionis aliipenda programu. Aliitaka ihamie kwenye kompyuta ya ofisi yake, maana kampuni, alisema, haiwezi kutegemea laptopu ya dada mmoja anayeweza kuumwa au kuolewa. Tabea alikubali. Alitaka hata siku akifa, simu za Lyamhanga ziendelee kulia.

"Ila nisikilize, dada Tabea," Dionis alimwambia. "Sitaki mafolda mafolda. Nipe kitu kimoja, Rosemary wa uhasibu abonyeze, kiwake. Na kwenye skrini sitaki maandishi mekundu ya kutisha watu. Wageni watakuja pale."

Tabea akafunga kila kitu katika kifurushi kimoja: programu, picha, na zile skripti thelathini na moja. Hakuna ugumu, ni amri moja na dakika mbili. Ugumu uko kwenye kuzisoma baada ya kuzifunga, na naomba mnivumilie kidogo. Skripti ikiwa kwenye folda ni faili lenye anwani yake. Programu inasema nenda kwenye folda ya Kanuni, uniletee. Ikiwa ndani ya kifurushi haina tena anwani hiyo. Ni sawa na kiazi kilichokwisha kutiwa kwenye gunia na gunia likashonwa mdomo: huwezi kukipata kwa kutaja tuta kilikochimbwa, lazima uliulize gunia lenyewe. Tabea alilijua hilo. Alifundishwa chuoni, na yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha mtu. Lakini programu yake ilikuwa bado inauliza kwa jina la tuta, na hakuibadilisha.

Kwa nini hakuligundua? Kwa sababu alijaribu. Ndiyo, alijaribu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikiwasha kifurushi kwenye laptopu yake, kikasoma kanuni, kikatuma ujumbe wa majaribio, simu yake ikalia mezani. Alifurahi. Hakukumbuka kwamba ile folda ya zamani ilikuwa bado iko pale pale pembeni, na kwamba kifurushi kilikuwa kinakula chakula cha nje huku yeye akidhani kinakula kilichomo ndani yake.

Tena kulikuwa na ile adabu. Programu ilipowashwa, neno la kwanza kuandika kwenye skrini, kabla haijasoma hata skripti moja, lilikuwa hili, kwa maandishi ya kijani: Salama, kanuni zote zipo. Tabea aliliandika yeye mwenyewe. Alitaka Rosemary akifika kazini apokelewe vizuri. Kama kuna baya lolote, programu ingelieleza baadaye, kwa utaratibu, katika faili la kumbukumbu lililokuwa ndani kabisa, ambako hakuna mtu aliyeambiwa aende.

Katikati ya Juni alipanda gari kwenda Makambako na flashi yake mfukoni. Rosemary, mhasibu msaidizi aliyeongezewa kazi ya kulinda kompyuta, alimwandalia chai. Walibonyeza. Salama, kanuni zote zipo. Dionis akapiga makofi, wakapiga picha, Tabea akarudi Njombe na mwezi ukaisha. Sakitu haikuanguka, simu hazikulia, na kila mtu alijua ukimya ule maana yake ni nini. Laleni.

Usiku wa kuamkia Alhamisi ya tatu ya Julai, ilianguka.

Aliyempigia asubuhi ile ni Anania, jirani yao, ambaye Tabea tangu utoto alimwita baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mama. Habari za Njombe?"

"Nzuri tu. Za huko?"

"Huku nzuri," alisema Anania. "Hatujambo. Watoto wameenda shule. Ila viazi vimeungua."

"Vya nani?"

"Vyote, mama. Bonde zima."

Tabea alikaa kitandani. Baba yake hakuwa amepiga, na hilo lilimtisha kuliko lile la viazi. Hakwenda Lyamhanga. Alikwenda Makambako, kwa kuwa alitaka kwanza kujua alichokifanya, na njia nzima alikuwa anajiambia labda ni betri za vipimajoto, Mungu wangu, naomba ziwe betri.

Rosemary alimpokea mlangoni. "Dada, mimi kila asubuhi naangalia. Inasema salama. Hata leo imesema salama." Alikuwa anakaribia kulia, masikini, kana kwamba kosa ni lake. Na skrini ilikuwa pale kweli, kijani kibichi: Salama, kanuni zote zipo.

Tabea alifungua faili la kumbukumbu. Lilikuwa na mistari mingi na yote ilikuwa mstari mmoja, umerudiwa kila siku tangu katikati ya Juni, mara thelathini na moja kwa siku: Skripti haikupatikana, naendelea. Skripti haikupatikana, naendelea. Vipimo vya jana vilikuwepo vyote. Kipimajoto cha Lyamhanga kilikuwa kimetuma baridi ya kutisha saa kumi kamili jioni, na programu ilikuwa imeipokea, ikageuka kutafuta kanuni ya kuipimia, haikukuta hata moja, ikafanya kilichobaki, yaani ikanyamaza. Isiyo na kanuni haina cha kuonya. Masikio ya mzee Efraimu yalikuwa ndani ya kifurushi muda wote, yamefungwa vizuri, na hakuna aliyeyauliza kitu.

Alitengeneza pale pale. Mnataka kujua ilichukua mistari mingapi? Minne. Akafuta na lile neno la salama, akaandika kwamba lisitokee mpaka kanuni ya mwisho iwe imesomwa na kuhesabiwa, na kama hata moja imekosekana, skrini nzima iwe nyekundu.

Dionis aliingia, akasimama nyuma yake, akaelezwa. Alisikiliza bila kukunja uso. Kisha akafunga mlango.

"Taarifa nimeshaiandika," alisema, akaweka karatasi juu ya meza. "Mtandao wa simu ulikatika kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa mbili usiku, Jumatano. Vipimo havikufika. Saini hapa, chini ya jina langu."

"Vipimo vimefika, Bwana Dionis. Hivi hapa."

"Nani ataviangalia?" Alivuta kiti. "Dada, tusidanganyane. Mimi nitapona hata ukikataa, nitasema mtaalamu wangu alikosea. Lakini mzee wako je? Nani aliwaambia watu walale? Mimi? Mtandao ukikatika ni mambo ya Mungu, hakuna wa kumlaumu mzee. Ukisema ni kazi ya mwanawe, atakaa wapi pale kanisani?"

Tabea alisaini. Naweza kumtetea, naweza kusema alimfikiria baba yake tu, na ni kweli alimfikiria. Lakini palikuwa na unafuu pia. Kalamu ilipogusa karatasi alihisi kifua kinafunguka, kwa kuwa kosa lilikuwa limepata mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo hana sura wala mtaa anakoishi. Alijichukia, akaikunja nakala yake akaitia mfukoni.

Alifika Lyamhanga alasiri. Baba yake alikuwa kinyunguni, amekaa juu ya tuta, kofia mkononi. Pale pale. Bonde lote lilikuwa jeusi kuanzia kwenye mianzi mpaka kwenye kivuko, na lilikuwa limeanza kunuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri. Habari za hapa?"

"Nzuri," alisema Efraimu.

Alikaa karibu naye. Kando ya tuta kulikuwa na mafungu ya nyasi kavu, yamefungwa kwa kamba, yamepangwa. Aliyatazama mpaka baba yake akaona anayatazama.

"Nilizitoa jana jioni," Efraimu alisema. "Masikio yaliuma. Yaliuma kama zamani, nikasema ehe, leo ipo. Nikashusha nyasi, nikafunika matuta mawili. Kisha nikatoa simu nikaitazama. Imenyamaza." Alivaa kofia, akaivua tena. "Nikasema mzee wewe, unajifanya unajua kuliko mtoto aliyesoma? Nikafunua."

"Ulifunua?"

"Matuta yote mawili. Niliona aibu, nilisema watu wakipita watasema simwamini mwanangu. Na Anania alinipigia kuuliza afunike au asifunike. Nilimwambia simu imenyamaza, lala." Alimgeukia, na macho yake yalikuwa yanaomba. "Sasa niambie. Ni nini kilitokea, Tabea? Ni wewe?"

Alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa neno moja, na halikuhitaji kusoma chuo. Lakini alilelewa kuanza na zuri, na baba yake alikuwa bado mlangoni, hajapewa hata kigoda. Nitamwambia akishatulia, alijisemea. Nitamwambia kesho.

"Si mimi, baba. Ni mtandao. Ulikatika Makambako, saa tisa mpaka usiku, vipimo havikufika. Kampuni imeandika, karatasi ninayo."

Efraimu alifumba macho. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa, na mabega yake yakashuka. "Basi si wewe," alisema. "Nashukuru Mungu. Viazi tutapanda vingine. Nilichoogopa ni wewe." Akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Tabea alipokuwa mdogo. Yule binti akauacha mkono wake pale na hakusema lile la pili, la kweli. Kesho yake pia hakulisema, wala Jumamosi.

Jumapili baada ya ibada, mnada wa sadaka ulikuwa wa kinyonge. Watu walisimama makundi makundi, na waliokuwa wakimwamkia Efraimu kwa mikono miwili walimwamkia kwa mbali. Ndipo alipopanda juu ya lile jiwe. Tabea hakujua kama baba yake angefanya hivyo. Alimwona anapanda, akataka kumvuta koti, akachelewa.

"Ndugu zangu, najua mnasema nini," alisema Efraimu. "Mnasema Efraimu alitulaza. Ni kweli niliwalaza, mnisamehe. Lakini mwanangu hana kosa. Mtandao wa simu ulikatika Jumatano, kuanzia saa tisa mpaka usiku. Kampuni imeandika, na karatasi anayo. Nawaambia mbele ya kanisa hili, na nasimama badala yake."

Watu walinong'ona. Wapo waliotikisa kichwa kukubali, maana mtandao kweli husumbua huku kwetu. Kisha Anania akasogea mbele. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Mzee mwenzangu," alisema kwa upole, "mimi Jumatano nilikupigia. Saa kumi na moja jioni. Ukapokea."

Efraimu alivua kofia.

"Ulipokea, tukaongea. Ukaniambia simu imenyamaza, lala." Alitoa simu yake akaifungua. "Na hapa nina ujumbe wa mwalimu wa kwaya, saa kumi na dakika ishirini, siku hiyo hiyo. Na wa shemeji yangu kutoka Makambako, saa kumi na mbili. Huo mtandao ulikatika wapi?"

Efraimu alibaki juu ya jiwe na hakuwatazama watu, alimtazama binti yake. "Tabea?" alisema.

Watu wote waligeuka. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika kuku wa mnada, na kuku alikuwa anapiga mabawa, na hakuna aliyemjali. Tabea alisema. Alisema yote, na alisema vibaya, maneno yakigongana: kwamba mtandao ulikuwepo, kwamba vipimo vilifika, kwamba kanuni alizifunga ndani ya kifurushi na programu haikujua kuzisoma humo, kwamba skrini ilisema salama kwa sababu yeye aliiambia iseme salama. Hakuna aliyeelewa habari ya kifurushi. Walielewa mambo mawili tu. Walielewa kwamba ni yeye, na walielewa kwamba alimwacha baba yake apande juu ya jiwe na uongo wake mdomoni.

"Kosa ni kosa, mama," Anania alisema mwishowe. "Hata mimi nimewahi kupanda mbegu mbovu. Lakini ungetuambia Alhamisi, tungelia wote." Akaitia simu mfukoni, akamwita mke wake, wakaondoka. Wengine wakafuata. Hakuna aliyetukana. Efraimu alishuka kwenye jiwe kwa shida, goti likamkataa, Tabea akakimbia kumshika mkono, naye akauondoa mkono wa binti yake taratibu, kama mtu anayeondoa kitu kisicho chake.

Walitembea mpaka nyumbani. Mlangoni ndipo Efraimu aliposimama.

"Ile simu ya Anania niliikumbuka," alisema. "Siku ile ile uliponiambia, pale kinyunguni, niliikumbuka. Nikajua kwamba mtandao ulikuwepo."

"Sasa kwa nini ulisimama, baba?"

"Nilisema labda kuna mtandao wa makampuni na mtandao wetu sisi. Mimi najua nini? Wewe ndiye uliyesoma." Alisugua sikio lake moja kwa kiganja. "Mara mbili, Tabea. Masikio yangu mwenyewe yaliniambia, nami nikayanyamazisha kwa ajili yako. Mara ya kwanza ni kompyuta. Ya pili ni wewe."

Jumapili iliyofuata alijiuzulu uzee wa kanisa. Alisema ni miguu. Tabea aliandika barua Makambako kuifuta saini yake, Dionis akasema mtaalamu alikosea, kama alivyoahidi, akatafuta mtaalamu mwingine. Hakumpata kwa haraka, kwa hiyo programu ikaendelea kuwaka pale juu ya meza ya Rosemary, ile ile, imetengenezwa kwa mistari minne. Kila asubuhi Tabea alimpigia amsomee skrini inasema nini, na Rosemary alimsomea: kanuni thelathini na moja zimesomwa, thelathini na moja zimehesabiwa.

Wiki ya pili ya Agosti, siku ya Jumanne, anga lilikuwa safi na upepo ulikufa mapema. Saa kumi na dakika moja jioni, Tabea akiwa ofisini kwake Njombe na koti lake, simu yake, aliyoiorodhesha pamoja na za Lyamhanga, ililia mezani. Sakitu usiku huu, funikeni viazi. Kanuni ya Lyamhanga ilikuwa imetoka ndani ya kifurushi, imesomwa, imefanya kazi yake. Simu zote za kijiji zililia kwa wakati mmoja, hakuna hata moja iliyorukwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile Tabea kutabasamu, na alijishika akitabasamu.

Dakika kumi baadaye ukaja ujumbe mwingine, kutoka kwa baba yake, ambaye hakuwa amemwandikia tangu Julai.

"Hujambo, mwanangu. Habari za hapa ni nzuri. Ujumbe wako tumeupata sote, na masikio pia yanauma. Ila tufunike nini?"